Neno Nililomwambia Mama Mghoi

Jumapili ile naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyochaguliwa. Ibada ilikuwa imekwisha, tumekusanyika ukumbi wa nyuma ambako Wakenya wa mtaa wetu hapa London hunywa chai kwa mandazi. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, suti mpya, na udiwani wa miezi minne. Mtaa wenyewe siutaji, maana wenyewe bado wapo.

Umeniandikia kwamba unataka kugombea, tena kwa upande uleule niliogombea mimi, upande wa wahafidhina. Umeandika kwa Kiingereza, kama kawaida yenu mliozaliwa huku. Mimi nakujibu kwa Kiswahili kwa sababu kosa langu nililifanya kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza pengine lisingekuwa kosa.

Kwanza ujue nilivyokuwa. Niliamini, na bado naamini, kwamba serikali ikimfanyia mtu kila kitu humlemaza. Kodi iwe ndogo, mtu ajitegemee, mengine ni ya Mungu. Kipeperushi changu cha Kiswahili kilikuwa na picha yangu na methali chini yake: Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wazee walikipenda. Mama Mghoi alikibandika kwenye friji yake.

Huyu Mama Mghoi alikuwa Mtaita kama mimi, mstaafu, aliyewaogesha na kuwageuza wagonjwa hospitalini miaka mingi mpaka magoti yakamwishia. Alikaa ghorofa ya tano na mumewe, Mzee Mwakio, katika jengo la nyumba za kupanga za halmashauri. Jumapili ile alinijia na kikombe mkononi.

"Mheshimiwa wetu," akanitania, "ile lifti yetu imekufa tangu Pasaka. Siku hizi nikishuka chini, nafikiria kwanza kama nina haja ya kurudi."

Nilicheka, nikamshika bega. "Pole sana, mama. Nitaliangalia hilo."

Mzee Mwakio alikuwa nyuma yake, ameshika koti la mkewe. "Usiliangalie kwa karatasi, kijana," akasema. "Njoo siku moja upande ngazi na sisi." Nikaitikia kwa kichwa, huku macho yakimtafuta mtu mwingine wa kusalimia.

Sasa hapa unisikilize vizuri. Kwa watu wa ofisi za huku, kusema utaliangalia jambo ni adabu ya kumwondoa mtu mbele yako. Kila mmoja anaelewa. Anashukuru, anaenda kubisha mlango mwingine. Mimi nilikuwa nimejifunza adabu yao, nikaivika Kiswahili. Lakini kwetu, ukimwambia jirani niangalizie mtoto, naye akakubali, unakwenda zako bila wasiwasi, kwa sababu anayeangalia hasinzii. Mama Mghoi alinisikia hivyo.

Na kweli niliangalia. Jumatatu nilifungua kompyuta, nikaona lifti yao imo kwenye orodha ya matengenezo, nikafunga. Hiyo ndiyo kazi yote niliyomfanyia yule mama.

Mwezi wa Februari tulipiga kura kuahirisha matengenezo ya majengo kwa mwaka mzima, ili kodi isipande. Kabrasha la mkutano lilikuwa nene, na majengo yenyewe yameorodheshwa kurasa za mwisho, nami huko sikufika. Niliinua mkono juu kabisa, kabla ya wenzangu, kisha nikakaa nikijiona mwanamume wa msimamo.

Wakati huohuo majirani wa lile jengo walikuwa wamepata wakili wa kuwasaidia bure, wanakusanya sahihi mlango kwa mlango. Mama Mghoi alikataa kutia yake. Na kwa vile walimheshimu, akawatuliza na wengine wasubiri. Hayo niliyajua alipokwisha kufa.

Alikufa mwezi wa Machi, wiki chache baada ya kura ile. Alikuwa ametoka Woolwich sokoni kununua unga na sukuma wiki, akateleza kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Alivunjika nyonga, akalala pale kwenye saruji mpaka jirani alipotoka kazini. Hospitali alikaa siku tisa.

Nilikwenda matangani. Zile ngazi nilizipanda siku hiyo kwa mara ya kwanza, na ghorofa ya nne ilinibidi nisimame nipumue, nikiwa kijana. Hata pale niliposimama nilikuwa natunga hotuba kichwani. Mzee Mwakio alinipokea mlangoni, akanipeleka jikoni, akaniketisha mbele ya friji. Uso wangu ulikuwa pale, unacheka. Alisema nami polepole, bila hasira. Afadhali angenipiga.

"Watu walikuja hapa na karatasi. Akawaambia, mtoto wetu amesema ataliangalia, tusimwaibishe." Akakitazama kile kipeperushi. "Methali yako hii aliipenda. Alikutegemea wewe, na amekufa. Leo usihutubu. Kaa na wenzako unywe chai."

Sikuhutubu. Niliosha vikombe mpaka watu wakaondoka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Labda unadhani niliadhibiwa. La. Nilichaguliwa tena mara mbili. Lifti ilitengenezwa uchaguzi ulipokaribia, nami nikakubali kupigwa picha nikibonyeza kitufe. Naona haya kukuandikia hivyo, lakini cheo kinalevya, na mlevi hana aibu. Tukiwa pale na mpiga picha, Mzee Mwakio aliingia na mfuko wake. Alitusalimia wote, akatupita, akapanda ngazi. Aliendelea kupanda kwa miguu kila siku, mpaka mwanawe alipokuja kumchukua kumrudisha Taita.

Basi, mwanangu, sikukatazi kugombea, wala sikubadilishii upande. Imani yako ishike. Lakini mtu wako akikujia na shida, usimwambie utaliangalia. Mwambie utafanya, na lini. Kama huwezi, mwambie huwezi, akukasirikie, aende kwa wakili wake. Akikasirika atabisha kwingine na huenda akapona. Ahadi ni deni, na ubaya wa deni langu ni kwamba nililikopa bila hata kujua nimeahidi. Kabrasha la mkutano lisome kuanzia nyuma. Na kabla hujainua mkono, nenda kwanza ukaone ni nani anakaa ghorofa ya tano.

Mungu akutangulie. Akupe ulimi mzito, mwanangu, na miguu myepesi ya kupanda ngazi za watu.