Mpiga Kaseti wa Baa ya Damas

Kila jioni, kabla baa ya Damas pale Kibiti haijafunguliwa, mpiga kaseti alifuta hedi ya deki, pale utepe wa kaseti unapopita, kwa pamba yenye spiriti, polepole, kama anamfuta mtoto tongo. Wimbo ukianza humsemeshi: alifumba macho, midomo ikafuata kila neno, na sisi tuliokaa nje tukajikuta tunasogeza viti karibu.

Siku moja Damas akaleta spika za Dubai, ndefu kama kabati, watu wakaja kuzishikashika.

“Zidisha sauti, bwana! Wasikie mpaka Mchukwi!” Damas akamwambia.

“Nikizidisha, mwimbaji hasikiki.”

“Kwani nimenunua mwimbaji? Nimenunua spika! Zidisha, au kazi huna.”

Yule bwana akachomoa kaseti yake, akaitia mfukoni mwa shati.

“Haya, zisikilize,” akasema kwa upole, akatoka, asirudi tena.