Mkoba Ulioongea kwa Sauti Yangu

Siku ile mkoba uliongea. Sitanii, na wala sijalewa ninapoandika haya.

Tulikuwa sebuleni kwangu, watu wameshiba, mara kutoka kwenye kochi ikasikika sauti ya mwanamke: "Karibu, mama. Umetoka gerezani, na hapa hakuna atakayekuhukumu."

Sauti ilikuwa yangu.

Na mimi nilikuwa nimesimama palepale, nimefumba mdomo, sinia la vikombe mkononi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mkinihukumu, mnihukumu mkiwa mnajua yote.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Mwaka huu nikapata kazi ya shirika dogo linalowasaidia wanawake waliotoka gerezani: kutafuta kazi, kupata wakili, kuwapata tena watoto wao. Mkurugenzi wao, mama mmoja mcheshi asiye na makuu, aliniambia jambo moja tu.

"Nataka kila mmoja wao aweze kuitumia. Wapo wasiojua kusoma. Wapo ambao macho yameharibika. Wapo wasiosikia vizuri. Asiachwe mtu nje."

Niliipenda kazi ile, sitasema uongo. Herufi nikazifanya kubwa. Rangi nikachagua zinazoonekana hata kwenye simu iliyopasuka kioo. Vitufe nikavifanya vipana ili hata kidole kinachotetemeka kisikose. Na kwa wasiojua kusoma nikarekodi sauti, yangu mwenyewe, maana tangu shuleni nasifiwa kwamba ningefaa redioni.

Kisha nikaongeza ujanja wangu. Nikaipanga sauti ianze yenyewe mara tu ukurasa ukifunguka, ili asiyeona asihangaike kutafuta kitufe. Nilijiona mtaalamu haswa.

Siku ya kuijaribu, mwanamke mmoja pale shirikani akaniuliza, "Sasa dada, nikiifungua nikiwa na watu?"

"Si unapunguza sauti tu," nikamjibu, huku nafunga kompyuta yangu.

Siku hiyohiyo mkurugenzi akataka kujua kama kuna mtu wangu wa karibu aliyepitia maisha hayo. Nikasema hapana, hakuna.

Jamani, dada yangu wa tumbo moja alikuwa analala chumba cha wageni nyumbani kwangu!

Dada alifungwa kwa sababu ya mali ya wizi aliyokubali kumhifadhia mwanaume wake. Alipotoka nikamchukua akae kwangu, ila kwa masharti. Mume wangu alijua ukweli. Wakwe niliwaambia dada alikuwa nje ya nchi, kikazi. Dada aliukubali uongo huo kwa sababu alikuwa anakula kwangu.

Sasa wifi yangu, dada wa mume wangu, ana karakana ya ushonaji. Siku moja alimkuta dada anashona mapazia yangu. Akaushika mshono, akaugeuzageuza.

"Dada, hivi ulijifunzia wapi?"

"Hukohuko nilikokuwa," dada akajibu.

"Kumbe nje wanafundisha vizuri hivi!"

Dada alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi sikucheka.

Wifi akaahidi kumpa kazi ya kusimamia mafundi wapya. Akasema Jumapili atakuja na mama mkwe tule pamoja, waongee wamalize. Mjue kwamba dada hakuwa na tegemeo lingine. Kila alikoomba kazi, wakisikia alikotoka, wanamwambia watampigia.

Mama mkwe wangu ni mwanamke wa shoka. Akiingia jikoni hukagua mpaka nyuma ya jiko. Masikio yake ni mazito siku hizi, kwa hiyo akija tunaongea kama tuko mnadani. Namwogopa, basi.

Jumapili hiyo alikuwa mpole mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Akanifuata jikoni.

"Hivi mkwe wangu, siku hizi unafanya kazi gani?"

"Natengeneza tovuti za mashirika, mama."

"Shirika gani?"

"La akina mama."

"Akina mama gani?"

"Akina mama tu, mama!" nikapaza sauti, nikajifanya nakwangua sufuria.

Akaendelea kunitazama, mdomo umefunguka kidogo. Wifi akaingia kutafuta maji ya kunywa, naye mama mkwe akarudi sebuleni.

Tulipomaliza kula nikaondoa vyombo, nikaleta vikombe vya chai. Mikoba ilikuwa imerundikana kwenye kochi. Nikaisukuma kwa goti, nikaibana pembeni, ili wifi akae karibu na dada waanze mazungumzo.

Hapo ndipo mkoba ulipoongea, tena kwa sauti ya mwisho kabisa.

Wote wakageukia kochi. Kisha wakanigeukia mimi, maana sauti yangu wanaijua.

"Wifi," wifi akasema polepole, "wewe ulifungwa?"

Majibu nilikuwa nayo. Ningesema ni kazi yangu, na ni kweli. Ningecheka, nikasema ndiyo mambo ya tovuti haya. Sentensi moja tu, na chai ingeendelea.

Badala yake nikaropoka: "Siyo mimi! Ni dada! Dada ndiye aliyefungwa, hiyo ni simu yake!"

Na kidole nikamnyooshea.

Mkobani bado naendelea kuongea, taratibu, kwa upole: "Hapa siri yako iko salama..."

Dada hakulia. Hata kunitazama hakunitazama. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa gauni lake, akatoa simu yake, akaiweka mezani. Ilikuwa imezima. Haikuwa na chaji tangu asubuhi.

Mama mkwe akainuka. Akaenda kwenye kochi, akafungua mkoba mweusi, mkoba wake, akatoa simu na kuhangaika nayo mpaka ikanyamaza.

"Ni yangu," akasema.

"Mama?" mume wangu akasimama.

"Mlikuwa wadogo. Mliambiwa nimekwenda kumuuguza bibi yenu. Bibi yenu hakuwa anaumwa."

Wifi akaziba mdomo kwa mkono.

Mama mkwe akanigeukia. "Mwenzangu wa gerezani enzi zile ndiye aliyenionyesha hiyo tovuti. Nikasikia sauti, nikasema, huyu si mkwe wangu? Nimekuwa nikikusikiliza, mwanangu. Najifungia chumbani nakusikiliza ukiniambia hakuna atakayenihukumu. Hata leo asubuhi nimekusikiliza, nipate nguvu, ukurasa nikauacha wazi. Nilisema, hatimaye nimepata mtu wa kumwambia ndani ya ukoo huu. Nimekuja kwa ajili yako, sikufuata chakula."

Akakitazama kidole changu, ambacho nilikuwa bado sijakishusha.

"Kumbe ilikuwa kazi tu," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimetengeneza vitufe vya kila aina maishani mwangu, lakini cha kurudisha maneno mdomoni sikuwa nacho.

Yeye akaenda kukaa kando ya dada, akamshika mkono.

"Wewe walikuweka cherehani?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi walinipeleka jikoni. Ndiyo maana jiko chafu silivumilii."

Dada akacheka kidogo, na hapo ndipo machozi yakamtoka. Wifi akamtazama mama yake. Halafu akamwambia dada, "Kazi ni ileile. Kesho uje."

Hayo yametokea majuzi tu. Dada amehamia kwa mama mkwe. Nikimpigia anapokea, ananiuliza hali, ananiaga vizuri, kwa adabu ileile anayowapa wateja. Nimemwomba msamaha, akasema yameisha. Nasikia kabisa kwamba hayajaisha, na naona aibu hata kumlalamikia.

Tovuti nimeibadilisha. Sasa iko kimya mpaka mtu aiombe sauti. Neno gereza halipo tena ukurasa wa mbele, na kuna kitufe kikubwa cha kufunga kila kitu haraka mtu akiingia chumbani. Yule mwanamke wa shirikani nilimtafuta nikamwomba radhi. Akanitazama tu. "Si nilikuuliza?"

Nilitaka pia kuifuta sauti yangu, arekodi mtu mwingine anayestahili. Mama mkwe akakataa.

"Iache," akasema. "Ila na wewe uwe unaisikiliza."

Basi ndugu yangu unayesoma, kama una mtu wako unayemficha watu wasimjue, jiulize unamlinda yeye au unajilinda wewe. Mimi jibu langu nililipata mbele ya wakwe, kidole kikiwa juu, na aliyekuwa mbele ya kidole hicho ni dada yangu.