Funga ya Salama

Usiku ule nililala na moshi wa jikoni kichwani, sijaoga, na kanga ile ile niliyopikia tangu asubuhi ndiyo niliyojifunika. Hapa shuleni tulipokimbilia baada ya mafuriko, mimi ndiye mpishi, na ukipikia kijiji kizima hakuna anayekuuliza kama umechoka. Nikajinyoosha kwenye mkeka, darasa la tatu. Kulia kwangu wanangu, kushoto kwangu Salama, mtoto wa shangazi yangu.

Salama hatembei. Miguu yake imelala tangu utotoni. Hutambaa kwa mikono, na mikononi huvaa ndara kama sisi tunavyozivaa miguuni. Alikuwa na baiskeli yake ya magurudumu matatu, maji yakaichukua pamoja na mlango wa nyumba. Yeye mwenyewe alitolewa akiwa mgongoni mwa mtu. Tulipofika hapa tukamshukuru Mungu, tukampa pembe ya darasa isiyovuja, tukaona basi, tumemaliza.

Tena tukamsifu! Mwezi wa Shaabani ulikuwa umeingia, na wanawake wengi hulipa funga zao mwezi huo, kabla Ramadhani haijafika. Salama naye akawa hapokei uji. Nikimpelekea kikombe anatikisa kichwa, ananiambia, "Wape watoto, Dada Tabu." Jua likizama anakula tende, anagusisha maji midomoni, imetosha. Mwanamke haulizwi habari za funga yake, kila mtu anajua kwa nini siku zilimpita. Sikumuuliza. Lakini mimi na mdomo wangu usio na breki, nikasimama na mwiko mbele ya foleni nikasema, "Mwangalieni Salama! Kapoteza kila kitu na bado anafunga. Nyie na miguu yenu mizima mnagombea ukoko!" Watu wakacheka, wengine wakaona haya. Salama alikuwa anasikia. Aliinamisha uso tu, nami nikadhani ni unyenyekevu.

Basi usingizini nikajiona niko jikoni, ila jiko lenyewe si hili la shule, ni la Shangazi Mwanahawa, mama yake Salama, kule bondeni kabla ya maji. Shangazi tulimzika mwaka juzi. Alikuwa pande la mama, mgongo mpana, na Salama alibebwa kwenye mgongo ule mpaka akawa mwari. Watu wakimcheka anawajibu, "Wewe beba wako." Kumwona tena hakukunishangaza, ndotoni mtu anapokea kila kitu. Kilichonishangaza ni kwamba alikuja akitambaa.

Anatokea upande wa kisimani, kanga kiunoni, ndara mikononi. Magoti yake yamejaa tope. Nami badala ya kumwamkia namkemea, "Ala! Shangazi, inuka! Watu watasemaje?"

Anakuja taratibu, anapumua kwa nguvu, na nasikia zile ndara zinavyopiga chini, pa, pa, pa. Ndipo nakumbuka adabu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Niondolee gogo hilo."

Natazama, naona kweli gogo limelala kwenye mlango wa jiko. Mimi ningeliruka tu na safari yangu. Nalivuta, halitoki. Nageuka kutafuta mtu wa kunisaidia, na nikigeuka hatuko tena jikoni, tuko uani kwake, mbele ya choo alichomjengea Salama.

Choo kile kijijini tulikiita ikulu. Tulikuwa tunamtania tu shangazi, lakini nani kati yetu alikuwa na choo kama kile? Alikisakafia kwa mikono yake, sakafu laini isiyochubua magoti. Akaweka kiti kifupi chenye tundu, akafunga kamba kwenye boriti ili mwanawe ajivute, na mlango ukawa unafunguka kwa kusukumwa na bega. Salama aliingia na kutoka mwenyewe, hakumwomba mtu. Sasa ndotoni shangazi amepiga magoti mle ndani anasakafia upya, na maji ya mto yanaingia chini ya mlango, mekundu. Anasakafia, yanaondoa. Anasakafia, yanaondoa.

"Shangazi, tukimbie!" Napiga kelele mpaka koo linawaka.

"Mlikimbia," akasema, bila kuinua macho. "Hiki alikibeba nani?"

Choo kikaanza kuzama, polepole. Kamba ndiyo iliyobaki juu mwisho, ikizungukazunguka. Nikaiwahi. Nilipoishika nikakuta nimeshika turubai la buluu, na niko shuleni, kwenye foleni ya vyoo.

Hivi vyoo vyetu vimechimbwa nyuma ya darasa la saba, chini ya mteremko. Ni shimo, magogo juu yake, turubai pembeni. Kamati ilisema viwe mbali, harufu isitufikie, na sote tukaitikia. Mvua imenyesha. Na anayetambaa sasa ni mimi. Miguu yangu sijui imekwenda wapi, ninaivuta nyuma yangu kama mzigo wa mtu mwingine. Viganja vinazama kwenye tope, na si tope tupu, jamani, ni uchafu wa watu. Wanaume wananivuka. Mmoja ananiambia, "Pole, mama," kwa sauti nzuri kabisa, na anapita. Tumbo linanibana. Nikiyatazama magogo kutoka huku chini naona nafasi kati yao inatosha kunimeza, na hakuna pa kushika. Najua sitafika. Nikajikojolea pale pale, mbele ya watu ninaowapikia, na aibu niliyoipata sijapata kuionja nikiwa macho.

Shangazi yuko ubavuni kwangu. Hanifuti machozi. Naona midomo yake imepasuka, ina magamba, na mara nina kata ya maji mkononi, maji safi ya mtungini. Nampa. Anaifunika kwa kiganja.

"Umefunga, Shangazi?"

"Maiti hafungi, Tabu."

"Basi kunywa."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. Alinitazama kama mtu aliyeacha kitu chake kwa jirani, akarudi na kukikuta kimeharibika.

"Nikinywa, nikajisaidie wapi?"

Akaanza kurudi nyuma, anatambaa, pa, pa, pa, mgongo ule mpana unapungua kwenye mvua. Karibu na darasa la saba akageuza shingo.

"Mwanangu hajafunga," akasema.

Nikazinduka. Alfajiri, muadhini ndiyo kwanza anakohoa kwenye kipaza sauti cha msikiti wa jirani. Wanangu wamelala. Nikageukia kushoto. Salama alikuwa macho, amejikunja, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Nikamgusa paji la uso. Lilikuwa moto.

"Salama, kunywa maji."

"Nimeshanuia, dada."

"Hujanuia kitu. Unakiogopa kile choo."

Mwanga kidogo ulikuwa unaingia dirishani, nikaiona midomo yake. Ilikuwa midomo ile ile. Nilimpelekea uji kila asubuhi, niliinama mbele ya uso huu nikatabasamu, na sikuiona.

"Nani kakwambia?"

"Mama yako. Nimemwota."

Akafumba macho. Machozi hayakumtoka, nadhani hakuwa na maji ya kuyatoa.

"Imebidi mama atoke kaburini aje kukwambia?" akasema. "Wewe unayelala hapa, nikinyoosha mkono nakugusa?"

Wallahi, nimetukanwa sana maishani, na huwa najibu. Safari hii nilimshika mkono na kiganja chake kilikuwa kigumu, kimechubuka kingo zote, maana ndara nazo zilikuwa zimekatika. Akaniambia taratibu, kama anayesimulia ya mtu mwingine, kwamba husubiri tulale wote ndipo atambae huko chini. Siku mbili tatu za mwanzo aliteleza, akalala kwenye uchafu mpaka alipopata nguvu ya kugeuka. Ndipo akaamua asile, asinywe. Na sasa mkojo unamchoma kama pilipili, na tangu juzi una damu.

"Kwa nini hukusema, Salama?"

"Ulikuwa unanisifu."

Nikamweka kichwa chake mapajani, nikamnywesha maji kwa kijiko, kidogo kidogo. Alikunywa. Aliponiangalia kwa hofu nikamwambia, "Leo nitakubeba mimi. Mgongo wangu si wa mama yako lakini utakufikisha." Hakufurahi. Alisema, "Leo." Nikaelewa: kesho atabebwa na nani?

Nikainuka kwenda kumwamsha mwenyekiti wa kamati. Asubuhi ile hakuna sufuria itakayopanda mekoni mpaka Salama apate usafiri wa kwenda zahanati, na vijana washike jembe wachimbe choo hapa hapa ubavuni mwa darasa, chenye kiti na kamba, kinuke kitakavyonuka. Na nitawauliza kila darasa, mmoja mmoja: yule mzee asiyeona, yule binti wa magongo, nani mwingine anafunga humu ndani?

Nilipofika mlangoni Salama akaniita. Sauti yake ilikuwa ndogo, watoto hawakugutuka.

"Dada Tabu. Ukifika huko usiwaambie nilikuwa mvumilivu."

"Niwaambie nini?"

"Waambie nilikuwa na kiu."