Mchungwa wa Bi Mwanamkasi

Kamati ya kumuaga Bi Mwanamkasi Uweso ilinipa kazi ya kuandika wasifu wake, ukurasa mmoja, usizidi. Nikaandika. Amezaliwa Maramba, amesoma hapa na pale, amefundisha miaka ishirini na kitu, amekuwa Naibu Mkuu wa Chuo upande wa utawala kwa miaka saba, na ameacha mchungwa wa kumbukumbu alioupanda kwa mkono wake. Kamati waliupenda sana. Mimi niliyeuandika nilipiga miayo kuusoma, maana miaka yote saba nimekaa mlangoni kwake, katibu muhtasi wake, na mtu ninayemjua hayumo humo. Kwa hiyo naandika upya, na safari hii sina kamati.

Baba yake alikuwa mkulima wa machungwa, Mdigo mwenye maneno machache na miti mingi. Binti alipopata cheti cha kilimo, serikali ikampeleka vijijini awe bibi shamba, na pikipiki kuukuu aliyoipanda baibui amelikusanya na kulifunga fundo kiunoni. Kijiji cha kwanza wazee walimpokea kwa chai na dharau. Wakampeleka kwenye shamba moja wakamwambia, haya, kama unajua kazi tuonyeshe mti mbaya. Haukuwa msimu, hakukuwa na tunda hata moja la kutazama. Akapita mti kwa mti, anachuma jani, analifikicha, analinusa. Alipofika kwenye mti wa arobaini na ngapi sijui, akasimama. "Huu mnaupalilia bure," akasema. "Huu ni mlimau." Ndipo wakamletea kiti.

Kwa asiyejua mambo ya huku kwetu, mchungwa hauoti tu ukazaa. Unaotesha mlimau kwanza, kwa sababu mizizi yake ni migumu, kisha unaukata na kuubebesha kikonyo, kijitawi cha mchungwa, unafunga kwa nailoni na kusubiri vishikane. Vikishikana bado hujamaliza. Mlimau wa chini hukubali kukatwa lakini haukubali kushindwa. Kila siku unatoa machipukizi, na usipoyang'oa yanapanda juu na kukinyima kikonyo chakula mpaka kife, nawe unabaki na mlimau wenye miiba huku ukijiita mwenye mchungwa. Ukipita mbali mbali hutambui. Fikicha jani, pua itakwambia.

Pua hiyo alikwenda nayo Morogoro kusoma shahada, akarudi nayo kufundisha kwenye chuo chetu, hapo njiani kabla hujaingia Muheza. Wanafunzi wakamwita Mama Pua. Alijua, na hakuwahi kuuliza nani kaanzisha. Ni yeye aliyeandika kanuni iliyowatoa watu jasho: kila mwanafunzi abebeshe mche wake mwaka wa pili, autunze mwenyewe, na siku ya mahafali mti uwe na kikonyo kilicho hai. Mwenye alama nzuri darasani lakini shambani ana mlimau havai joho, anarudia mwaka. Wazazi walikuja kulia. Mheshimiwa mmoja alipiga simu kumwombea mpwa wake, na mama akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, halafu akamuuliza kama naye angependa kuja kunusa.

Siku aliyokabidhiwa unaibu alipanda mchungwa mbele ya jengo la utawala, mche aliobebesha yeye, na chuo kikauwekea kibao cha shaba chenye jina lake. Kisha ofisi ikammeza. Vikao, barua, wageni, vikao vya kuandaa vikao. Mwaka wa pili tukahamia jengo jipya upande wa pili wa chuo, na lile la zamani likawa kantini ya Bi Gulbanu, mke wa Aslam mwenye duka la vitambaa Tanga mjini. Mti ukabaki kule, baina ya jiko na karo la kuoshea vyombo. Mama akawa anaingia kwa lango la mbele na kutoka kwa lango hilo hilo, na chakula cha mchana nikimletea mimi mezani.

Mwaka wa nne mti ukazaa. Malimau.

Sasa nani amwambie? Mudathir, mtunza bustani, alikuja ofisini mara mbili na kofia mkononi, na mara zote mbili akaishia kuomba mpira wa kumwagilia. Mkuu wa idara alisema hilo ni suala la utawala, nami nikasema ni suala la taaluma. Nimelelewa Nguvumali na bibi aliyenifundisha kwamba aibu ya mkubwa hufunikwa, basi nikaifunika. Bi Gulbanu, ambaye kwao hakitupwi kitu, aliona malimau yanaozea chini, akayatia chumvi, pilipili na mafuta, akafanya achari. Wallahi achari ile sijaonja mfano wake. Kila mchana mama alikuwa akiniambia, "Nasma, mwambie Gulbanu leo aongeze achari." Miaka mitatu mizima aliila na wali, na sisi tulifungua midomo kwa kula tu.

Ndipo akaja Ruthi, mwezi wa kumi mwanzoni, wiki saba kabla ya mahafali.

Ruthi ni binti wa Kibondei wa hapa hapa Muheza, mpole, mwenye alama za juu kuliko wote darasani kwake. Mti wake shambani ulikuwa umegeuka mlimau. Alikuwa ameshapata kazi ya ugani Handeni, na waajiri walikuwa wakitaka cheti kabla ya Desemba, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Akakata rufaa. Mama alikaa kiti cha mbele, mkuu wa idara na wajumbe wengine pembeni, mimi na daftari langu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mti wako nimeunusa, mwanangu. Limau tupu."

"Ni kweli mama. Miezi miwili nilikuwa hospitali namuuguza mama yangu. Mwenzangu alinimwagilia, ila machipukizi hakuyang'oa."

"Pole sana. Anaendeleaje?"

"Hajambo sasa."

"Alhamdulillahi. Lakini mti haujui hospitali. Kesho mkulima akinunua mche wako akavuna malimau, mie nimwambie mamako aliumwa?"

Ruthi akainama. Nilishawaona wengi wakiinama vile, na baada ya hapo huwa ni machozi na mlango. Yeye akainua uso. "Sawa mama, nimekubali. Ila naomba kuuliza. Mwenye ule mti wa kantini, yeye alikuwa na mgonjwa gani?"

Mkuu wa idara akaanza kupanga makaratasi yaliyokuwa yameshapangwa.

"Mti gani wa kantini?" mama akauliza. Akanigeukia. "Nasma."

"Abee mama."

"Mti gani?"

"Wako, mama," nikasema.

Aliondoka vile vile alivyokuwa, miwani ya kusomea ikiwa bado puani, sisi nyuma. Tulipofika alikuta kibao cha shaba kimejaa masizi na malimau yananing'inia juu yake, hayana hata soni. Hapakuwa na haja ya kunusa kitu. Lakini alichuma jani, akalifikicha, akalinusa kwa muda mrefu, kana kwamba pua itamwonea huruma. Kisha akachuchumaa, akapapasa shina karibu na ardhi mpaka akakipata kikonyo chake mwenyewe, kimekauka, kimebaki kijiti.

"Nani anayejua habari hii?"

Mudathir alitazama mpira wake. Bi Gulbanu akafuta mikono kwenye kanga. "Sote, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu achari."

"Achari ile?"

"Hiyo hiyo, mama. Na leo ipo."

Chuoni siku hizi watu wanasimulia kwamba alicheka. Hakucheka. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na niliona macho yakimjaa machozi. "Mie nafundisha watu kunusa," akasema taratibu, "na walio karibu yangu wote wameziba pua. Hivi mnanipenda au mnaniogopa?" Niliona haya siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mganga hajigangi, hilo tunalijua, lakini mganga anayezungukwa na watu kumi wanaoona kidonda chake na kumpa pole ya mafua, huyo nani wa kulaumiwa?

Ruthi alikuwa ameanza kulia. "Nisamehe mama, sikukusudia."

"Nikusamehe kitu gani? Si wewe peke yako uliyenusa?" Akavua miwani. "Kanuni niliiandika mie na naikumbuka. Siku ya mahafali mti uwe na kikonyo kilicho hai. Sikusema kikonyo cha mwaka gani. Tuna wiki saba. Mudathir, lete msumeno."

Mkuu wa idara akauliza utaratibu wa jambo hilo ukoje. Mama akamwambia andika kwenye muhtasari: Ruthi akate mti wake aubebeshe upya, na Mwanamkasi akate wake. Kikishika, mtu anavaa joho. Kisiposhika anarudia, awe nani.

Wakakata siku ile ile, na vikonyo wakavichukua kwenye mti mmoja. Wiki zilizofuata ilikuwa vioja. Naibu Mkuu wa Chuo alikuwa akifika saa kumi na mbili asubuhi, anapitia lango la nyuma, anavua viatu, anachuchumaa nyuma ya jiko kung'oa machipukizi, nami nimesimama na chai na faili la kusaini. Bi Gulbanu aliomboleza achari yake kimya kimya, akajaribu kutuletea ya maembe, lakini haikuwa kitu. Mimi nilikuwa nikiomba dua mbili, moja ya Ruthi na moja ya mama, na nikiri kwamba ya mama niliisali kwa hofu zaidi. Nilikuwa nimeuona mkono wake siku ya kubebesha. Kisu kilimteleza mara mbili. Mkono uliosaini barua miaka saba haukumbuki tena gome.

Siku tatu kabla ya mahafali tukaenda kukagua. Kwa desturi yetu hakuna anayenusa mti wake mwenyewe. Kikonyo cha Ruthi kilikuwa na majani manne mabichi. Mama aliomba radhi kabla ya kuchuma moja, akalifikicha, akalipeleka puani. "Chungwa," akasema, akasaini fomu pale pale juu ya goti. Kisha akampa Ruthi mkono. "Haya, twende na kwangu. Unuse wewe."

Ruthi akafungua nailoni. Kikonyo kilikuwa cheusi. Mkuu wa idara akakohoa, akasema jua la mwaka huu limekuwa kali, pengine siku chache zaidi. Mudathir akasema vingine huchelewa. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema inshallah naona kama kuna ukijani. Ruthi akakikwaruza kwa ukucha, akatazama, akasimama.

"Mama, kimekufa," akasema. "Unarudia."

"Ahsante," mama akajibu, na akashusha pumzi kama aliyetua ndoo.

Siku ya mahafali Ruthi alipita mbele na joho lake, mama yake mzazi akapiga vigelegele hadi vikamkausha koo. Joho la Naibu Mkuu lilibaki limening'inia ofisini. Yeye alikaa nyuma kabisa, safu ya wanaorudia, amejifunga kanga ya kawaida kati ya vijana wawili waliokuwa wakitamani ardhi iwameze. Mgeni rasmi aliuliza mara mbili Naibu Mkuu yuko wapi, na msherehesha akaomba tupige makofi.

Jumamosi ijayo ndiyo tunamuaga, na mkataba wake umekwisha. Ameshahamishia vitu vyake Maramba, lakini kila Jumanne anakuja na kisu chake cha kubebeshea na kukaa nyuma ya jiko kwenye kigoda cha Bi Gulbanu. Baada ya mahafali alibebesha kikonyo cha pili. Jana nilimpelekea chai. Alikuwa amefungua nailoni na macho yake, bila miwani, hayakuwa yakimsaidia.

"Hebu tazama, Nasma. Kinaonekanaje?"

Nilichuchumaa. Ningeweza kusema Mungu mkubwa, au tusubiri wiki moja. Maneno hayo ninayo tayari siku zote, ndiyo kazi yangu. Nikakwaruza kwa ukucha. Kulikuwa kukavu.

"Kimekufa, mama," nikasema, nikajiona kama niliyemtukana.

Hakusema ahsante, kwangu hakuwa na deni hilo. Alinipa kisu, akanionyesha tawi la kukata, akaniambia safari hii nikate mimi, mkono wangu bado mchanga.

Leo asubuhi nimeuchukua ule ukurasa mmoja. Mstari wa mchungwa wa kumbukumbu nimeukata kwa kalamu nyekundu, na mahali pake nimeandika: Bi Mwanamkasi Uweso anarudia. Kamati watakasirika, najua. Jumamosi nitausoma mwenyewe, na yeye atakuwa amekaa mbele yangu.