Mafiga Yangu Nyuma ya Gari la Mkwe

Kisiwa cha Nzwani kilipotangaza kujitenga na visiwa vyetu vingine, hasira zangu zote nilimmwagia mkwe wangu, mtu wa Mutsamudu, huko huko Nzwani, anayekaa nyumbani kwetu hapa Moroni, maana kwetu mume humfuata mke. Asubuhi moja nataka kupika, mafiga mawili hayapo! Nikayakuta uani, kayaweka kinga nyuma ya magurudumu ya gari lake, alilolipandisha juu ya vyuma vya mteremko ili amwage oili.

"Mmejitenga? Basi jitengeni na mafiga yenu!" nikapiga kelele hata majirani wakajaa. "Katorokea wapi mwizi huyu?"

Nikang'oa figa la kwanza. Gari likalia kwi! kama linataka kurudi nyuma. Nikashika la pili.

Sauti ikatoka chini ya gari, taratibu: "Mama, niko huku. Tafadhali, hilo liache."