Gesti Tisa na Kidevu cha Twiga

Mtu akikuambia kwamba yeye anachagua sana, muulize kama anamfahamu Fundi Vitanda. Kazi ya huyu bwana ni kutengeneza vitanda, na ugonjwa wake ni kukagua vya wenzake. Akialikwa kwa watu, kabla salamu hazijaisha jicho limeshafika chini ya kiti alichopewa. Akienda hospitali kumwona mgonjwa, mgonjwa anaulizwa hali mara moja, kitanda mara tatu. Watu walikuwa wakimcheka tu, maana kila mtu ana lake. Lakini ikafika mahali lake yeye likawa linamkosesha mwanawe kitu, na hapo mkewe akaacha kucheka.

Mtoto mwenyewe ni kitinda mimba, binti. Siku alipozaliwa alikuwa mdogo kiasi kwamba baba yake alimwita Kipande, na jina likamganda. Akiwa na miaka minne na ushee, Kipande aliona kwenye karatasi ya tangazo picha ya bustani ya michezo, ile iliyo mji wa pili, mwendo wa saa nne kwa basi. Kulikuwa na mabembea marefu kama ghorofa, treni ya kupinduka kichwa chini miguu juu, na mambo mengine ya kukata pumzi. Hayo yote hakuyataka. Alitaka vindege: vindege vyekundu vya mtoto mmoja mmoja, vinavyozunguka huku vinapanda na kushuka. Chini ya picha kulikuwa na maandishi madogo, na kaka zake mapacha walimsomea kwa furaha kubwa isiyo na huruma hata chembe. Vindege ni vya watoto wasiozidi urefu wa sentimita mia moja na ishirini.

Safari ikapangwa. Bustani ile huimalizi kwa siku moja, kwa hiyo ilibidi walale huko. Hoteli zilizotazamana na geti zilikuwa na bei ya kumfanya mtu aombe kiti kwanza. Zikabaki gesti za mitaa ya nyuma. Ndipo Fundi akatamka maneno ambayo mkewe hatayasahau maisha yake yote.

"Niachieni mimi. Nitakwenda kuziona mwenyewe."

Jumapili moja akapanda basi na mkoba wake wa kazi, ndani yake tepu ya kupimia, bisibisi na nyundo ndogo. Alizunguka gesti nne. Hakuuliza bei, hakuuliza kama kuna chai ya asubuhi, na choo hakukitupia hata jicho. Akiingia chumbani alivua viatu kwa adabu, akainua godoro, akapiga magoti, kichwa kikapotelea uvunguni. Gesti ya kwanza chaga zilikuwa saba badala ya kumi na mbili. Ya pili, tendegu moja lilikuwa limewekewa kipande cha kigae chini ili lilingane na mengine. Ya tatu kitanda kilikuwa hakina kasoro, ila mlango ulikuwa umepinda, na Fundi alisema hawezi kufumba macho akijua kuna mlango uliopinda unamtazama. Ya nne, dada wa mapokezi alimdhania mkaguzi wa leseni. Akamletea soda baridi, akamvutia kiti, akala kiapo kwamba kunguni waliondoka tangu mwezi uliopita. Fundi alikunywa soda yote, akashukuru, akarudi nyumbani mikono mitupu.

"Hakuna gesti kule," akamwambia mkewe.

"Mji mzima, Baba Pacha?"

"Vyumba vipo. Gesti ndiyo hakuna."

Mwaka wa pili akaenda tena, akazikataa nne nyingine. Moja ilitangaza ina bwawa la kuogelea, na bwawa lenyewe lilikuwa tangi la maji lililokatwa nusu. Nyingine ilijisifu kuwa iko dakika tano tu kutoka bustanini, na kweli ni dakika tano, kama unafukuzwa na mbwa. Usidhani Fundi alizikataa kwa sababu hizo. Alizikataa kwa sababu ya misumari mahali palipotakiwa skrubu.

Muda wote huo Kipande alikuwa anarefuka. Baba yake alimpima kila baada ya miezi michache kwenye mwimo wa mlango wa karakana, akachora mstari kwa penseli, akaandika namba pembeni. Mia na nne. Mia na kumi na moja. Mwaka wa tatu ulipofika, mia na kumi na nane. Mwanzoni walikuwa wakishangilia kila mstari mpya. Huu wa mwisho Kipande aliutazama tu, akaenda zake.

Mapacha, ambao kwa miaka kumi na mmoja walikuwa hawajampa mtu ushauri wa maana, walimwambia kwamba mtu akibeba ubao kichwani harefuki. Basi Fundi akawa anamkuta binti yake kila jioni akizunguka karakana na ubao wa mninga kichwani, shingo imekakamaa, jasho linamtoka. Siku ya kwanza alidhani ni mchezo. Siku ya tano akauliza.

"Mwanangu, unafanya nini?"

"Najizuia, baba."

"Unajizuia nini?"

"Nisirefuke. Nakusubiri wewe."

Fundi akaweka randa chini. Maneno yale yalimchoma, na hakuwa na pa kukimbilia, maana karakana ilikuwa yake na mtoto alikuwa wake. Akaingia ndani, akamwambia mkewe kwa sauti ya mtu aliyejirekebisha kabisa kwamba Jumapili atakwenda tena kuangalia.

"Huendi kokote," akasema Mama Pacha.

Akachukua simu na daftari, akakaa mlangoni. Alipiga simu hapa na pale, na maswali yake yalikuwa yaleyale kwa kila mtu. Watoto wanalala bure chumba kimoja na wazazi? Chai ya asubuhi imo? Maji ya moto yapo, au yapo kwenye bango tu? Kwa miguu mpaka bustanini ni mbali gani, na usinidanganye, nina mtoto mdogo. Siku ya kuondoka mtatutunzia mizigo mpaka alasiri? Mmoja alijaribu kumzungusha, akakatiwa simu katikati ya sentensi. Chai haijapoa, gesti ikawa imepatikana. Chumba cha familia, kila kitu ndani, kwa bei ambayo hakuna aliyehitaji kukaa chini.

"Na vitanda je?" akauliza Fundi kwa unyenyekevu.

"Vipo," akajibu mkewe, akafunga daftari.

Mkoba wa kazi ulipigwa marufuku. Mama Pacha mwenyewe ndiye aliyepanga mizigo, akakagua mpaka mifuko ya koti. Hakukagua soksi. Tepu ilisafiri ndani ya soksi za kijivu, na Fundi akasafiri na tabasamu la mtu asiye na hatia.

Gesti ilikuwa safi. Pazia la bluu, maua ya plastiki mezani, taulo zimekunjwa vizuri, vitanda viwili vikubwa. Mapacha walirukia kimoja, na Fundi akakaa taratibu kwenye kingine.

Kwiiii, kikalia kitanda.

Mama Pacha alimtazama mumewe kwa jicho ambalo wanaume wote waliooa wanalijua. Fundi akatazama dari, akakohoa, akajikuna goti, akahesabu maua ya plastiki. Alistahimili dakika mbili nzima, na tumpe haki yake, kwake yeye hiyo ilikuwa rekodi. Kisha akateleza chini kama mtu aliyedondosha kitu, na sauti ikaanza kutoka uvunguni.

"Huyu si fundi. Huyu alikosea njia akiwa anakwenda kulima. Nani alimpa randa huyu? Mbao mbichi tupu! Kiungo hakijakaza hata nusu. Gundi ameimwaga kama anayemwagilia bustani. Mtu kama huyu alitakiwa anyang'anywe msumeno, afungiwe ndani, na..."

Sauti ikakatika.

"Na nini?" akauliza Mama Pacha.

Kimya.

"Baba Pacha, umegongwa na nini huko?"

Ikabidi naye apige magoti, awashe tochi ya simu, aingize kichwa. Nyuma ya ubao wa kichwani kulikuwa na nukta tatu za msumari zilizopangwa pembe tatu. Ni alama ambayo Fundi anaiweka kwenye kila kitanda kinachotoka mikononi mwake. Pembeni yake mwaka uliandikwa kwa penseli, na mwandiko ulikuwa wa Mama Pacha.

"Usicheke," akasema Fundi gizani. "Nakuomba, mke wangu, usicheke."

Alikuwa amechelewa. Mama Pacha alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akataka kukaa, akakaa kitandani, kitanda kikalia, akaanza upya. Mapacha wakaja kuona, wakaelezwa, wakaanguka sakafuni. Kipande ndiye peke yake aliyeingia uvunguni akamshika baba yake mkono.

Vitanda vile vilikuwa oda yao ya kwanza. Vitanda kumi na viwili kwa wiki moja, mteja kasimama mlangoni, mbao kavu hazikupatikana. Mama Pacha alipiga msasa tumbo likiwa limemtangulia, mapacha wanapigana mateke ndani. Baadaye gari likaja, likavipakia vyote, na hawakujua vimekwenda mji gani. Fundi aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Lakini alipolala chali na kusikia kile kitanda kikilia kila alipogeuka, aibu ikaanza kumtoka. Kimebeba wageni miaka kumi na mmoja, akawaza, na hakijamwangusha mtu. Akalala fofofo, yeye ambaye nyumbani huamka mara tatu kusikiliza chaga zake mwenyewe.

Asubuhi wakafika kwa vindege. Getini alisimama twiga wa mbao, rangi imechakaa kidogo, na kwenye kidevu chake pameandikwa 120. Mtoto anayepita chini ya kidevu anapanda. Kijana mwenye filimbi shingoni alisimamia zoezi. Kipande akasogea, na kidevu cha twiga kikamgonga kwenye paji la uso.

"Amezidi, mzee," akasema mwenye filimbi. "Apelekwe treni za wakubwa."

Kipande akakunja magoti.

"Simama wima, mama."

Akasimama wima. Hakulia, ila mdomo ulianza kutetemeka.

"Huyu mtoto ni mia na kumi na nane," akasema Fundi.

"Mimi sijui, mzee. Twiga ndiye anayepima."

"Basi twiga wako muongo."

"Baba Pacha, usianze," akasema mkewe, lakini kwa sauti isiyo na nguvu, maana naye alikuwa amemwona Kipande. Fundi alikuwa ameshapiga magoti. Akaigonga miguu ya twiga kwa kidole, akasikiliza, akaipapasa chini kabisa.

"Huyu amekatwa miguu," akatangaza. "Msumeno umepita hapa, tena msumeno butu. Mchwa?"

Mwenye filimbi akakuna kisogo. "Mchwa, ndiyo. Lakini tulikata kidogo tu."

Tepu ikatoka mfukoni. Mama Pacha akaitazama tepu, akazitazama soksi za mumewe, akaamua kuliweka kiporo jambo hilo. Kutoka chini hadi kidevuni, sentimita mia na kumi na nne. Foleni nzima ikaja kusoma yenyewe. Mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa amekataliwa dakika kumi zilizopita akakumbuka kwamba ana sauti, na mwenye filimbi akapoteza hamu ya kubishana.

"Pita, mama," akamwambia Kipande. "Pita tu."

Akapanda kindege cha tatu. Kikapaa. Alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili, amekunja uso, hacheki, anatazama mbele. Mama yake alimpungia mkono kila alipopita, mapacha walipiga miluzi, na Fundi alilia waziwazi mbele za watu wala hakujificha. Miaka mitatu aliyomcheleweshea ikazunguka mbele yake kwa dakika tatu, ikatua.

Kipande akashuka, akaja moja kwa moja kwa baba yake.

"Baba, usukani umebandikwa upande. Na kiti kinalia, kwiii, kikipanda na kikishuka. Nilikikagua chote."

Mama Pacha akamgeukia mumewe polepole. Mkono wa Fundi ulikuwa umeshaingia mfukoni na kuigusa tepu. Ukabaki humo.

"Kinalia," akasema. "Lakini kinapaa?"

"Kinapaa sana, baba."

"Basi kakae foleni, upande tena."