Kupokea kwa Mikono Miwili

Mdogo wangu anaishi Kanada, na tangu afike huko amekuwa mtaalamu wa mambo yote ya Bukavu. Aliposikia nauza gari alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, mrefu, na nyuma ya maneno yake nilisikia mashine ya kufulia nguo ikizunguka.

"Yaya, sikia muzuri. Ule mutu asikupatie chèque. Asikutumie franga ku simu. Mukutane mu banque, banakuhesabia pale pale, njo unamupatia funguo. Umesikia? Mu banque!"

Nilisikia sana. Benki tunazo, tena za kupendeza, zenye kuta safi na milango ya kioo. Tatizo lake ni dogo tu: zimefungwa tangu vita viingie mjini. Walinzi bado wanakaa mbele yake kutwa nzima, wanalinda hewa ya ndani. Nilimjibu kwamba shauri lake ni la maana, na yeye akaridhika kwamba huko nyumbani tumeanza kustaarabika.

Gari lilikuwa linauzwa kwa ajili ya shingo ya mke wangu. Rovu lilikuwa limekua hapo polepole kwa miaka, bila maumivu, mpaka tukalizoea, hata picha za harusi za watu tulipigwa pamoja nalo. Halafu likaanza kubana sauti. Sasa ni lazima nieleze sauti ya mke wangu ilikuwaje. Akiita watoto wetu waje kula, watoto wa majirani nao walikuja. Kwenye kwaya ya parokia walimweka mstari wa nyuma, na bado alisikika kuliko wa mbele. Mwaka ule alianza kukwaruza, kisha akawa ananong'ona, kisha hata kunong'ona kukawa kazi. Daktari alisema apasuliwe mapema, sauti ipate nafasi ya kurudi. Tukichelewa, hawezi kuahidi kitu.

Hospitali ilitaka pesa zote kwanza, kwa dola. Mimi nilikuwa nafanya kazi katika shirika la misaada, na misaada yenyewe ilikuwa imekwisha, pamoja na kazi. Kilichobaki kwetu chenye thamani kilikuwa gari la Kijapani, usukani kulia, rangi ya maziwa yaliyoanza kuharibika. Niliogopa. Mwanamke ambaye kelele zake nilikuwa nimezilalamikia ndoa nzima alikuwa ananyamaza kidogo kidogo mbele yangu, na mimi nilichokuwa nacho cha kumsaidia ni gari lenye mlango mmoja usiofunguka kwa ndani.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa kijana mwenye miwani ya jua, aliyelipenda gari bila kufungua boneti. Hilo lilinitia mashaka, kwa maana gari lile mtu hulipenda tu akishalizoea. Hakubishana bei. Alitoa simu, akaminya-minya, akaniita mjomba kwa Kifaransa: "Tonton, nimeisha tuma." Na kweli simu yangu ikalia. Ujumbe ulinipongeza kwa kupokea pesa zote, ila ulitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, na neno "umepokea" liliandikwa kwa makosa. Nikamwomba angoje nitazame salio. Salio langu lilitosha kununua mkate. Nilipoinua kichwa, kijana alikuwa amekumbuka ana mtu wa kupigia, akaenda kupigia nyuma ya kibanda cha mihogo, na mpaka leo nadhani bado anazungumza.

Nilisimulia kisa hicho kwa wiki nzima. Kila nilipokisimulia, kijana alizidi kuwa mrefu na mimi nilizidi kuwa mwerevu. Mke wangu alisikiliza mara zote, halafu akanong'ona, "Sasa uza gari."

Wa pili aliletwa na mtu wa parokia yetu. Alikuwa mfanyabiashara wa mchele kutoka Luberizi, mtu mzima, mpole, aliyelala chini ya gari na suruali yake nzuri na kutoka na orodha ya magonjwa yote niliyokuwa nimeyaficha. Tulibishana bei kwa adabu hadi tukachoka wote wawili, na hapo ndipo nilipojua huyu ananunua kweli. Alisema atakuja na dola mkononi.

Nilijitayarisha. Nilichagua mahali: ua wa parokia, baada ya misa ya Jumapili, jua likiwaka, watu wakipita. Nilichagua shahidi: mke wangu. Na nilipanga kupitisha noti moja moja mbele ya macho yangu. Sisi wa Bukavu hatuna utani na dola. Mwamerika anaichapa tu, kazi ya kuamua kama ni pesa tunaifanya sisi. Ikiwa na mpasuko mdogo, ikiwa na doa la wino, ikiwa imechoka kwenye kona, hakuna mama wa sokoni atakayeishika, awe anauza vitambaa au dagaa. Kwa hiyo nilifanya mazoezi nyumbani na noti yangu moja: iinue kwenye mwanga, isugue kola ya yule mzee wa kwenye picha kwa ukucha, ipindue.

Jumapili ilipofika, mfanyabiashara alikuja na mama yake.

Alikuwa bibi mdogo wa umbo, kitenge kipya, rozari shingoni. Mwanawe akanieleza, "Papa, uyu njo maman yangu. Njo yeye alibeba franga. Mu njia kule, siye banaume banatupapasa ku kila barrière. Lakini maman muzee, nani atamupapasa?" Nikakubali moyoni kwamba mtu huyu pia anajua usalama wa pesa. Vizuizi vya njia ya Ruzizi vimewazidi akili watu waliosoma.

Bibi akasema tusali kwanza. Akaliombea gari, na magurudumu yake. Akawaombea waliosimama kwenye vizuizi, Mungu awape mioyo laini na mshahara. Akaiona shingo ya mke wangu, akaiwekea mkono bila kuuliza, akaiombea kuliko vyote. Mke wangu alilia kidogo. Halafu bibi akageuka pembeni, akapekua ndani ya vitenge vyake, akatoa kifurushi cha kitambaa kilichoshonwa pande zote kwa uzi mweusi, mishono midogo, iliyobana, kazi ya mtu aliyejifunza kwa masista. Akakunja magoti kidogo, akaninyooshea kwa mikono miwili.

Ndugu msomaji wa kwetu, ungefanya nini? Mama mzee amekupa kitu kwa mikono miwili. Unakipokea kwa mikono miwili, unainama, unasema aksanti, unakiweka mfukoni. Kukifungua mbele yake na kuanza kuhesabu ni kumwita mwizi, tena kwenye ua wa kanisa, tena sala yake haijapoa. Najua haikuwa zawadi. Ilikuwa bei ya gari. Lakini mikono ilikuwa ile ile, na magoti yale yale, na mwili wangu ukafanya ulichofundishwa kabla sijaanza shule. Sheria zote za mdogo wangu hazikuwa na kifungu kinachohusu mama wa mnunuzi.

Mke wangu akanivuta shati kwa nyuma. "Fungua," alinong'ona.

Nilimtabasamia bibi.

"Hesabu."

Alilisema kwa nguvu zote alizobaki nazo, na zilitosha kufika kwenye sikio langu peke yake. Mwaka mmoja nyuma neno hilo lingesikika hadi sakristia na ningeaibika na kuhesabu. Safari hii nilijifanya sikusikia. Nikatoa funguo, nikamkabidhi mwanawe, nikamfungulia bibi mlango wa mbele. Waliondoka wakipiga honi, ambayo kwa kweli ndiyo sehemu pekee ya gari lile iliyokuwa nzima kabisa.

Nyumbani nilikata mishono kwa wembe, nikahesabu mezani. Pesa zilikuwa kamili. Nikasugua kola, nikainua mbili tatu za juu haraka haraka, nikapindua: za kweli. Nilimgeukia mke wangu na kifua mbele. "Unaona sasa? Batu ya Mungu bangali!"

Yeye alichukua noti moja, akaenda nayo dirishani, akaishika kwa kingo zote mbili kama mtu anayetazama picha ya mapafu. Mwanga ulipita pembeni mwa noti kwa vitone vidogo vidogo, vimepangwa vizuri, vimeachana sawasawa. Akachukua nyingine. Vitone. Bibi alikuwa amezipanga pesa sawasawa ndani ya kitambaa, zikakaa hadi ukingoni, na alipokuwa akishona sindano ilipita kwenye kitambaa, ikapita kwenye dola, ikatokea upande wa pili. Pande zote. Alikuwa ameshona kwa makini sana.

Kesho yake nilikwenda Nyawera kwa wabadilisha pesa. Wa kwanza alitazama, akaita wenzake.

"Papa, hizi dola zilikuwa na malaria?"

"Juu ya nini?"

"Bamezipiga sindano!"

Walicheka mpaka wenye pikipiki wakasogea kuuliza kulikoni. Nilieleza kwamba ni vitundu tu, vya sindano, hata maji hayapiti. "Katundu iko katundu," akasema mkubwa wao, na akanitajia atakachokata kwa kila noti kwa huruma yake. Nilikasirika, nikazipeleka hospitali moja kwa moja. Mtu wa kaunta alizirudisha chini ya kioo kwa ncha ya kalamu, asije akaambukizwa. Nikarudi Nyawera. Huruma ilikuwa imepungua kidogo tangu asubuhi.

Kilichobaki baada ya kukatwa hakikutosha operesheni. Kilipungua kwa kiasi ambacho mtu hawezi kukikopa wala kukisamehe. Nikampigia mnunuzi, mke wangu ameketi karibu, sauti ya simu imefunguliwa.

"Papa, franga haikuenea?" aliuliza.

"Ilienea, ilikuwa kamili."

"Iko ya faux?"

"Hapana, iko ya kweli. Lakini maman alizishona. Zote ziko na matundu."

Alisema polepole, "Lakini papa, ulipokea. Na mikono mbili. Juu ya nini haukufungua pale?"

"Maman yako alikuwa pale."

"Njo vile," akasema, na akashusha pumzi. "Na miye sikufungua juu yake. Nilimupatia franga magaribi, asubuhi ikakuwa imeshonwa. Ningemwambia nini? Ashonoe?"

Tulikuwa kwenye simu wanaume wawili wazima, baba za watu, tulioshindwa na bibi mmoja na uzi wa nguo. Tulichokubaliana kwanza, kabla ya pesa, ni kwamba bibi asijue kamwe. Mke wangu aliinua macho juu kumtafuta Mungu.

Lakini mtu yule alikuwa mwema, na hilo nalisema bila kejeli yoyote. Alisema atafidia kwa alichonacho. Jumamosi alikuja na mchele, ndani ya gari langu lililooshwa likawa jeupe kuliko nilivyowahi kulijua. Mlango uliokuwa haufunguki ulifunguka. Akashusha magunia mbele ya nyumba, na kila gunia lilikuwa limeshonwa mdomo kwa uzi mweusi, mishono midogo, iliyobana. Aliondoka kabla sijakumbuka kwamba mchele ni lazima ufike soko la Kadutu, juu mlimani, na mimi sina tena gari. Wapagazi walinitoza kama tajiri.

Magunia yalipokuwa yanashushwa, mimi nilikuwa nimeanza kusema aksanti, aksanti papa. Mke wangu alisimama mlangoni, akayahesabu yote, midomo ikicheza bila sauti, akinyoosha kidole kwa kila moja. Aliona moja limebaki kwenye gari. Likashushwa.

Mchele ukauzwa, pesa zikatimia. Mdogo wangu aliuliza kutoka Kanada kama nililipwa benki. Nikamwambia nililipwa salama kabisa, hakuna hata noti moja ya bandia.

Siku ya operesheni nilikaa kwenye benchi la ukumbini na sikuweza kusali sala yoyote hadi mwisho. Nilichokuwa naomba ni upumbavu: nisikie tena akinigombeza. Walipomrudisha wodini, shingo ikiwa imefungwa bendeji nene, walinizuia nisimsemeshe. Jioni daktari akaja, akainama juu ya kitanda.

"Maman, tusikie ile sauti. Hesabu kidogo. Moja, mbili..."

Hakusema kitu. Alikuwa amefumbua macho, anatazama dari. Daktari akangoja. Nilishika chuma cha kitanda, na nikajua kwamba tumechelewa, kwamba zile siku nilizozunguka Nyawera na dola zilizotobolewa ndizo zilizomaliza sauti yake.

Kisha akageuza kichwa, kwa taabu, kadiri bendeji ilivyomruhusu, mpaka akaniona.

"Ambia ule," alisema. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, nzito, lakini ilikuwa sauti, na ilifika hadi kitanda cha mwisho wodini. "Ule njo ahesabu."

Wagonjwa walicheka, hata daktari. Nami nikahesabu pale pale, kwa sauti, mbele ya watu wote. Nilipofika tano sikuweza kuendelea.